Grifu mweusi wa Wakashubi

Wakuu habari za huko. Nina mwaka wa nne sasa kaskazini mwa Poland, nakaa Gdynia kwenye ufukwe wa bahari ya Baltic, na kuna mnyama mmoja namuona kila siku tangu wiki ya kwanza. Mweusi, kwenye ngao ya njano, kachanua mabawa. Yuko kwenye bendera, kwenye vikombe vya dukani, na zaidi kwenye stika nyuma ya magari, mi nikajua ni timu ya mpira.

Mama mwenye nyumba ndo kanifungua macho. Yeye ni Mkashubi, watu wa asili wa huku, wana lugha yao ambayo sio Kipolandi. Huyo mnyama wanamuita gryf, tuseme grifu. Kichwa, mabawa na kucha za mbele ni za tai, halafu kuanzia kiunoni kurudi nyuma ni simba kabisa na mkia wake. Hayupo porini popote ila huku wanamheshimu kuliko wanyama wote walio hai.

Watawala wa zamani wa Pomerania, yani eneo hili la pwani, walikuwa ukoo unaoitwa Gryfici, yani ukoo wa grifu wenyewe, wakatawala mpaka 1637 Bogusław XIV alipofariki bila kuacha mrithi. Ukoo ukaisha, mnyama akabaki. Ukienda magharibi kule Szczecin utamkuta mwekundu kwenye ngao nyeupe, huku kwetu upande wa Gdańsk ni mweusi kwenye dhahabu, na Poland ilipopunguza mikoa kutoka 49 hadi 16 mwaka 1999, mikoa yote miwili, wa Szczecin na wa Gdańsk, ikaja kumbeba, kila mmoja na rangi yake.

Na hizo rangi hazikuokotwa tu. Kwenye nembo za Ulaya dhahabu na fedha zinahesabiwa kama madini, zinachorwa njano na nyeupe, na sheria inasema usiweke rangi juu ya rangi wala madini juu ya madini, kwasababu ngao ilitakiwa itambulike kwa mbali vitani. Ndo maana mweusi kwenye njano unamuona hata kwenye gari linalokupita kwa kasi. Kitu kingine, grifu anaangalia kushoto kwako wewe unayemtazama ila wataalamu wa nembo wanasema anaangalia kulia, maana wanahesabu kwa upande wa aliyeshika ngao.

Lakini kilichonigusa kwakweli ni lugha. Yule mama anasema alipokuwa mdogo shule alikatazwa Kikashubi, akiongea anaadhibiwa. Sheria ya 2005 ndo ikaitambua kama lugha ya kimkoa, saivi ukienda mji wa Kartuzy vibao vya barabarani vina majina mawili, Kartuzy na chini yake Kartuzë. Kwahiyo mtu akibandika grifu kwenye gari anakwambia sisi tupo bado. Mimi Mbondei wa Muheza, mwanangu hajui hata salamu ya Kibondei, nilivyosikia hayo nikanyamaza muda mrefu.

Kila tarehe 19 Machi wana siku yao ya umoja, bendera nyeusi na njano kila mahali. Mwaka huu jioni yake yule mama akaniuliza, na kwenu mna mnyama gani? Nikamwambia kwetu Tanzania ngao inashikwa na watu, mwanaume na mwanamke, wameshika pembe za ndovu, wamesimama juu ya Kilimanjaro, miguuni kwa baba kuna karafuu na kwa mama kuna pamba. Akaniletea karatasi nimchoree. Nikachora mpaka mwenge na jembe na shoka, yeye akaniuliza kila kitu kinaitwaje kwa Kiswahili akaandika pembeni kwa kalamu yake, halafu akaibandika hiyo karatasi kwenye friji chini ya grifu wake. Kesho yake asubuhi nashuka ngazi, akaniita kwa sauti, "karafuu!" Nami nikamuuliza, salamu kwa Kikashubi mnasemaje?