2.4.1 mbili

"Kaka, mbona seva inanikatalia kufuta tagi? Nimeiweka sasa hivi tu." Aliyeuliza ni binti aliyejiunga nasi karibuni. Nikamjibu kwamba tagi zetu, yaani majina tunayoyabandika kwenye matoleo ya programu, zikishasukumwa kwenye seva zinafungwa, aongeze namba atoe toleo jingine. Yeye akarudi kwenye kazi yake. Mimi nilishindwa, swali limenirudisha kwenye usiku wa 2.4.1.

Lilikuwa toleo la kurekebisha hitilafu moja: risiti ya malipo kuingia mara mbili. Kwenye mashine yangu 2.4.1 ilipita majaribio yote. Jioni mteja akapiga simu, risiti bado zinajirudia. Tukakagua hifadhidata, mipangilio, hata saa ya seva yake, kila kitu isipokuwa penyewe.

Usiku umeshakwenda, mwenzangu aliyekuwa kwenye mashine ya kujengea vifurushi akanipigia. "Hebu tusomeane." Tukaandika amri ileile, `git rev-parse 2.4.1`, yeye kwake, mimi kwangu. Git, programu inayotunza historia ya msimbo wetu, ikajibu kama kawaida yake, mstari mmoja wa herufi na tarakimu 40, utambulisho wa komiti, yaani hali ya msimbo iliyohifadhiwa wakati fulani. Akaanza kusoma taratibu: "Tisa, c, sufuri, nne..." Nikamkatiza. Wangu ulianza na e. Akarudia tangu mwanzo, sauti imeshuka. Nikafuta skrini, nikaiandika amri upya nikiangalia kila nukta, nikabonyeza. Ile e ikarudi palepale. Tukabaki na simu masikioni, kila mmoja anasikia feni ya mashine ya mwenzake. Jina moja, komiti mbili, na mteja amepelekewa ile isiyo na marekebisho.

Mengine yalijieleza haraka. Mtu aliweka tagi akaisukuma, kisha akagundua marekebisho yamebaki nje. Akaisogeza mbele kwa `git tag -f` na kuisukuma tena kwa nguvu, na repo ya pamoja, hifadhi ya msimbo iliyo kwenye seva, ikakubali. Mimi nilichukua nakala mpya baada ya hapo. Mashine ya kujengea ilikuwa tayari na tagi ya kwanza, na ukifanya `git fetch` ya kawaida, yaani kuvuta mapya kutoka kwenye seva, Git haigusi tagi uliyonayo wala haikuambii kwamba ya seva imehama. Ukiongeza `--tags` ndipo inapogoma waziwazi kuiandika juu, tena tangu toleo la 2.20 la mwaka 2018. Kabla ya hapo iliibadilisha tu.

Nani aliisogeza? Hatukujua, kwa sababu ilikuwa tagi nyepesi, jina tupu linaloelekeza kwenye komiti. Ingewekwa kwa `git tag -a` ingebeba jina la aliyeiweka, tarehe na ujumbe wake. Mimi sikutaka mtu wa kulaumiwa. Nilitaka kumuuliza kama alijua kuna waliokwisha kuivuta, maana kutoka alipokaa asingeweza kuwaona.

Kabla ya alfajiri tulitoa 2.4.2, risiti zikatulia. Ubishi ukabaki kwenye 2.4.1 yenyewe. Mwenzangu alitaka tuirudishe kwenye komiti ya kwanza, kwa sababu ndiyo iliyomfikia mteja, na jina la toleo ni la kile watu walichopewa. Hoja hiyo ina uzito. Mimi nikasema kuisogeza tena ni kuwafanyia waliovuta ile ya pili kosa lilelile tulilofanyiwa sisi. Tukaiacha ilipo, tukaandika onyo kwenye orodha ya mabadiliko. Kwa hiyo mpaka leo, ukiijenga 2.4.1 kutoka kwenye repo yetu, hupati kile alichokuwa nacho mteja usiku ule. Kila ninapoliona onyo lile naukumbuka ubishi wetu, na sijaweza kusema kwa uhakika kwamba mwenzangu alikosea.