Rubani wa Malindi, 1498: ninavyofundisha safari ya Vasco da Gama kwa vyanzo vya msingi

Wanafunzi wengi wa kidato cha pili huja wameshaambiwa kwamba Ahmad ibn Majid, baharia Mwarabu, ndiye aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi hadi India. Siwapingi. Nawagawia dondoo nne, kila moja isiyozidi maneno 120, kwa Kiswahili chepesi, bila jina la mwandishi wala mwaka. Makundi ya watu wanne, vipindi viwili mfululizo.

Dondoo ya kwanza ni ya shajara ya mtu aliyekuwamo safarini. Anaeleza kwamba tarehe 22 Aprili Wareno walimkamata mtumishi wa mfalme wa Malindi, wakamshikilia mpaka wakaletewa rubani Mkristo. Jina la rubani halitaji. Mbili ni za wanahistoria Wareno, Castanheda (1551) na Barros (1552), wanaosema alikuwa Mgujarati, yaani mtu wa Gujarat, India. Ibn Majid anatajwa katika dondoo ya nne, ya mwanahistoria Qutb al-Din al-Nahrawali, aliyeandika Makka miongo mingi baada ya tukio, tena akidai rubani alileweshwa.

Kwanza wapigie mstari: rubani ni nani, katoka wapi, kapatikanaje? Baada ya hapo ndipo natoa majina na miaka, wapange karatasi kwa wakati. Ukitaja miaka mapema, wataacha kusoma na kuikimbilia dondoo ya zamani zaidi.

Hata hivyo wengi watasema shajara ndiyo kweli tupu, kwa kuwa mwandishi alikuwapo. Hapo natoa dondoo ya tano, ya shajara hiyohiyo: inasema Wahindi waliokutwa Malindi ni Wakristo, kisha inasema hawali nyama ya ng'ombe, desturi ya Wahindu. Waacheni wabishane, hii ndiyo sehemu tamu ya somo, msiiharakishe. Watagundua kwamba shahidi aliona vyema lakini akafasiri vibaya, na kwamba "Mkristo" na "Mgujarati" huenda ni mtu mmoja.

Wengine hugeuka wakasema wote waongo. Waulize kila mwandishi alikuwa anaeleza nini. Al-Nahrawali alikuwa akiandika jinsi Waottomani walivyoiteka Yemen, na Wareno walikuwa adui aliyepaswa kuelezwa alivyopenya Bahari ya Hindi. Waulize pia ni dondoo gani iliyoandikwa na mtu wa Malindi. Hakuna.

Zoezi la mwisho ni sentensi tatu: jambo lenye ushahidi imara, jambo linalowezekana, jambo lisilojulikana. Kila sentensi iwe na namba ya dondoo inayoitegemeza. Isiyo nayo siipi alama.