Faili limelala kwa nani?

Mzee wetu wa masijala hakuwa mtu wa kupekua daftari. Ukimwuliza faili la shule fulani, anafumba macho kidogo, kisha anakwambia, "Lilitoka Jumanne. Liko kwa mweka hazina, chini ya yale ya kijani." Unakwenda, unalikuta.

Mimi nilikuwa afisa TEHAMA wa halmashauri hiyo. Siitaji jina, rafiki zangu bado wanapata ugali wao hapo. Kazi niliyopewa ilikuwa kuzitoa barua kwenye majalada na kuziingiza kwenye mfumo. Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019 ilikuwa imeshapita, kwa hiyo hakuna aliyekataa kwa mdomo.

Nilijiandaa kupambana na mzee. Nani asiyejua kwamba wazee wanaogopa kompyuta? Tukafanya semina ya siku mbili, mwezeshaji akatuonyesha mishale mitatu ukutani: yeyusha mazoea ya zamani, badilisha, gandisha mapya. Tukala kuku, tukasaini posho, tukatawanyika.

Wiki ya tatu mzee alikuwa anaskani barua arobaini kabla ya chai. Kwa kidole kimoja, miwani puani, lakini zinakwenda. Kilichokwama kilikuwa juu yake. Mkuu mmoja wa idara alimkabidhi katibu muhtasi wake nywila. Barua ikiingia, katibu anaichapa kwenye karatasi, mkuu anaandika dokezo kwa kalamu, katibu anaiskani upya na kuipandisha. Rimu zilikuwa zinaisha haraka kuliko enzi za majalada!

Nikaenda kumlalamikia mzee. Akacheka. "Mwanangu, faili la karatasi linaweza kuwa njiani. Hili lako haliwi njiani."

Ilinichukua siku mbili kumwelewa. Miaka yote hiyo mwananchi akija kufuatilia jambo lake, aliambiwa faili liko njiani, na likikawia sana, basi masijala wamelipoteza. Lawama zilimwangukia mzee, naye alizibeba kimya. Sasa mfumo unaandika jina na saa: barua imefika kwa fulani tarehe 4, na leo ni tarehe 23. Wakubwa hawakuogopa kompyuta hata kidogo. Walikuwa wananyang'anywa pazia, na mnyang'anyi ni mimi, tena nilikuja na kuku wa semina.

Siku hizo nilikuwa nasoma habari za Kurt Lewin, mwanasaikolojia ambaye ile mishale mitatu ya semina huhusishwa naye. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, nyama nyingi ya Marekani ilipelekwa kwa wanajeshi, serikali ikataka akina mama wapike moyo, figo na kongosho. (Kwetu hapo ungehitaji kampeni ya kuwazuia watu.) Kundi moja lilipewa mhadhara mzuri, lishe na mapishi yote ndani, waliokwenda kupika walikuwa asilimia 3 tu. Kundi jingine liliachiwa lijadili lenyewe na kuamua. Wakapika asilimia 32.

Semina ya pili nikaifuta. Nikanunua chapati, nikakaa na makatibu muhtasi pamoja na mzee nyuma ya masijala, nikauliza tuanze na nini. Mimi nilitaka mikataba. Wakanicheka. Katibu mmoja akasema, "Anza na likizo. Kila mtu anataka likizo yake itoke leo."

Tukaanza na likizo. Mkuu yule wa kalamu alikuwa na harusi ya binti yake mwezi uliofuata. Ombi lake lilipitishwa kabla ya saa nane mchana, akalifungua mwenyewe kwenye simu, akaja ofisini kwangu kuuliza kama na masurufu yanaweza kupita humo. Mikataba? Hiyo bado ilitembea na karatasi mpaka naondoka, nisidanganye.

Mzee alistaafu kabla yangu. Siku moja akanipigia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hebu nichungulie humo kwenye mfumo wako. Makabidhiano yangu hayajasainiwa, na mafao yanasubiri hayo. Limelala kwa nani?"

Nikafungua. Afisa TEHAMA, uthibitisho wa kurudishwa kwa kompyuta na skana. Siku 11.

"Liko njiani, mzee," nikasema.

Alicheka mpaka simu ikakatika.