Toshiba zimeenda wapi?

Wateja wangu wa siku nyingi bado wananiulizia Toshiba. Mwezi uliopita alikuja mwalimu wa sekondari kutoka Magu, anatafuta laptopu ya kutungia mitihani, na sharti lake lilikuwa moja: "Dada fundi, nitafutie Toshiba. Hizo nyingine sina imani nazo." Nikampitisha maduka ya jirani hapa Makoroboi, Mwanza. HP zimejaa, Dell zimejaa, Lenovo zimepangwa mpaka sakafuni. Toshiba tuliyoipata ilikuwa moja ya aina ya Satellite, iliyochakaa, ambayo mwenye duka alikuwa ameibakiza ya kutolea vipuri.

Zimeenda wapi? Nilimjibu mwalimu kwa ufupi kwa sababu watu walikuwa wananisubiri. Hapa najibu kwa kirefu, kwa sababu chapa hii naipenda, na ndiyo niliyojifunzia kazi.

Mzee aliyenifundisha ufundi alikuwa na kibanda Barabara ya Nyerere, na meza yake wakati huo ilitawaliwa na Satellite: za wanachuo, za makatibu muhtasi, za wenye stesheneri, za wachungaji. Wanafunzi wake wote alituanzishia kwenye Toshiba. Nyingi ukizigeuza chini unakuta vifuniko viwili vidogo, kimoja cha RAM (kumbukumbu ya muda) na kimoja cha diski, kila kimoja na skrubu zake, hivyo mtu anayejifunza anabadilisha kifaa bila kubomoa mashine nzima. Halafu chaja. Dell ina waya wa katikati unaoitambulisha chaja kwa mashine, na mashine isipoitambua inawaka lakini betri haijazwi. Satellite nyingi hazikuwa na masharti hayo. Volti 19, ampea 3.42, pini ya duara ya milimita 5.5: ukipata chaja yoyote nzuri yenye vipimo hivyo, kazi inaendelea. Kwa mtu wa Sengerema au Ukerewe ambaye chaja yake imeungua, jambo hilo lilikuwa na maana kubwa kuliko kasi ya prosesa.

Kwa hiyo anayesema Toshiba zilipotea kwa sababu ya ubovu, mimi sikubaliani naye. Chanzo kiko mbali sana na laptopu zenyewe.

Mwaka 1985 Toshiba ilitoa T1100, mashine ya takriban kilo nne, ya betri, yenye kioo bapa, iliyoweza kuendesha programu zilezile za kompyuta ya mezani ya IBM. Ilianzia kuuzwa Ulaya, na aliyeipigania sokoni kule alikuwa Atsutoshi Nishida. Lishike jina hilo. Kuanzia 1994 hadi 2000 Toshiba iliongoza dunia kwa mauzo ya laptopu, miaka saba mfululizo. Wengi wetu hatujui kwamba chapa tuliyoizoea kama ya wanafunzi ndiyo iliyokuwa juu ya zote.

Baada ya hapo biashara ikabadilika. Dell ilikuwa inauza moja kwa moja kwa mteja bila dalali. HP ikainunua Compaq mwaka 2002. Lenovo ikachukua kitengo cha kompyuta cha IBM mwaka 2005, pamoja na laptopu zake za ThinkPad. Acer na Asus wakaja na bei za chini. Na chapa nyingi sasa zilikuwa zinaunganishiwa mashine na wakandarasi walewale wa Taiwan, kama Quanta na Compal, kwa hiyo tofauti ikabaki kwenye wingi: anayenunua vioo na prosesa nyingi zaidi anapewa bei nafuu zaidi. Faida ya laptopu moja ikawa nyembamba kabisa. Kisha zikaja simu janja na tableti, na watu wa nyumbani, ambao ndio waliokuwa wanunuzi wakubwa wa Satellite, wakaona hawana haraka ya kubadilisha kompyuta.

Hata hivyo Toshiba haikuwa imekufa. Mwaka 2011 iliuza kompyuta milioni 17.7. Hicho ndicho kilikuwa kilele chake.

Nishida yule aliyeisimamisha T1100 Ulaya alikuwa rais wa kampuni nzima mwaka 2005. Mwaka uliofuata, chini yake, Toshiba ikainunua Westinghouse ya Marekani, kampuni ya mitambo ya nyuklia, kwa dola bilioni 5.4. Mwaka 2011 ikatokea ajali ya kituo cha nyuklia cha Fukushima, Japani, na hamu ya dunia ya kujenga vinu vipya ikashuka. Shinikizo la kuonyesha faida ndani ya Toshiba lilikuwa kali, na mojawapo ya sehemu faida hiyo ilipopikwa ni kitengo cha kompyuta. Uchunguzi uliotoka mwaka 2015 ulieleza namna ilivyofanyika, na mimi kama mtu wa vipuri nilipousoma nilisikitika sana. Toshiba ilinunua vipuri, ikawauzia wale wakandarasi wanaounganisha mashine kwa bei iliyopandishwa mara kadhaa, kisha baadaye ikanunua kwao laptopu zilizokamilika. Vipuri vilipouzwa, faida iliandikwa. Laptopu ziliporudi, ile faida ilifutika, kwa sababu bei iliyopandishwa ilirudi ndani ya gharama. Kwa hiyo robo ya mwaka ilipokaribia kwisha, waunganishaji walisukumiwa vipuri vingi kuliko walivyohitaji, ili hesabu ipendeze. Robo iliyofuata ilibidi wasukume vingi zaidi kufunika pengo la ile iliyopita.

Jumla ya faida iliyokuzwa katika vitengo mbalimbali ilizidi dola bilioni 1.2. Rais wa wakati huo, Hisao Tanaka, akajiuzulu Julai 2015, na Nishida, aliyekuwa amebaki kama mshauri, akaondoka pia. Fikiria mafundi na wabunifu waliokaa miaka wakitengeneza mashine imara, halafu kitengo chao kinatumika kama mahali pa kuficha mashimo ya hesabu.

Mwaka 2016 Toshiba ikajiondoa kwenye soko la watu wa nyumbani nje ya Japani. Machi 2017 Westinghouse ikafilisika na kuomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai. Mwaka huo kompyuta za Toshiba zilizouzwa zilikuwa milioni 1.4 tu. Mwaka 2018 Sharp ikanunua asilimia 80.1 ya kitengo cha kompyuta kwa yen bilioni 4, yaani kama dola milioni 36. Weka namba hiyo pembeni ya zile bilioni 5.4 za nyuklia. Mwaka 2019 jina likabadilishwa kuwa Dynabook, jina ambalo Toshiba ilikuwa inalitumia kwao Japani tangu 1989, na Juni 2020 asilimia 19.9 iliyobaki nayo ikakabidhiwa kwa Sharp. Televisheni na friji utakazoona dukani zikiwa na jina la Toshiba ni habari nyingine: biashara ya televisheni ilikwenda kwa Hisense na ya vifaa vya nyumbani kwa Midea, kampuni za China. Diski za kuhifadhia data bado wanatengeneza wenyewe.

Hiyo ni habari ya Tokyo. Ya Mwanza ina kipengele chake, na hiki ndicho wateja wengi hawakijui. Laptopu nyingi tunazouza hapa ni za mtumba, na asili yake ni ofisi za Ulaya na Marekani. Benki au kampuni ya bima kule inakodi mashine mia kadhaa kwa miaka mitatu au minne, mkataba ukiisha zinarudishwa, zinafutwa data, zinauzwa kwa jumla. Nyingine zinapitia Dubai, kisha Dar es Salaam au Nairobi, ndipo zinatufikia. Kinachosafiri kwa wingi namna hiyo ni mashine za ofisi: Latitude za Dell, EliteBook za HP, ThinkPad za Lenovo. Satellite ilikuwa mashine ya mtu binafsi. Mtu wa Manchester akiichoka anamwachia mtoto au anaiweka kabatini. Haiingii kwenye mzigo wa mia tatu zinazofanana. Toshiba walikuwa nazo za ofisi, Tecra na Portégé, lakini ofisi nyingi zilishachagua wale watatu. Kwa hiyo Satellite mpya zilipoacha kutengenezwa, hapakuwa na mkondo wa mtumba wa kuziba nafasi. Soko letu linanunua leo kile ambacho ofisi za ng'ambo zilichagua miaka minne au mitano iliyopita.

Wenye Satellite nzima bado wapo, na wananiuliza waitupe au la. Mimi nasema usitupe. Nyingi za miaka ya 2010 hadi 2012 zinapokea SSD (diski ya kasi isiyozunguka) ya kawaida ya inchi 2.5 na RAM hadi GB 8, na kwa mabadiliko hayo mawili zinaandika barua, zinachapisha fomu na kufungua intaneti vizuri kabisa. Windows 11 haizikubali rasmi, na Windows 10 iliacha kupewa marekebisho ya kawaida ya usalama Oktoba 2025, kwa hiyo kwa anayetumia intaneti naweka Linux Mint, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows. Mama mmoja wa stesheneri kule Nyegezi nilimwekea, akazoea mapema kuliko alivyotarajia, na wanafunzi wa chuo kikuu cha SAUT wanachapisha kazi zao pale kila siku.

Kwa upande wangu, hesabu ile ya miaka minne au mitano ndiyo inayoniongoza ninapoagiza vipuri. Siku hizi naangalia ofisi za kule zilinunua nini mwaka 2020 na 2021. Zilinunua ThinkPad na Latitude nyembamba zinazochajiwa kwa USB-C (tundu dogo kama la simu za kisasa), baadhi RAM yake imechomelewa kwenye ubao mkuu, na MacBook za prosesa ya M1 ambazo hata hifadhi yake haichomoki. Mashine hizo zimeshaanza kunifikia mezani. Nimepunguza kuagiza vifuniko na diski za zamani, na pesa yangu ya faida ya mwaka huu nimeielekeza kwenye hadubini na mashine ya hewa ya moto ya kuchomelea, kwa sababu matundu ya USB-C yanalegea na kubadilisha moja ni kazi ya mkono mtulivu. Kijana ninayemfundisha sasa hataanzia kwenye Satellite kama mimi. Nimemwanzishia kwenye ThinkPad T480, ambayo mgongo ukifunguliwa RAM na diski bado zinachomoka.