Maji ya mawese na jiko lililozima

Nyuma ya banda letu la kukamulia mawese, hapa Kigoma vijijini, kuna shimo ambalo kwa miaka mingi tulilikimbia kwa harufu. Humo tulimwaga maji yanayobaki chini ya pipa baada ya kuengua mafuta: tope la kahawia, zito kama uji. Siku moja niliinama nikalitazama. Juu lina utando, na utando unatoka mapovu, moja baada ya jingine, kama chungu cha maharage kinapoanza kuchemka.

Mapovu yale ni gesi, na sehemu kubwa ni methani. Ikipaa bure, kwa miaka 100 hunasa joto mara 28 hivi kuliko hewa ukaa ya uzito uleule. Na sisi palepale tunanunua kuni!

Mtambo wetu wa bayogesi, yaani gesi ya kupikia itokanayo na vitu vinavyooza, hulishwa kinyesi cha ng'ombe. Kwa pupa nikaumiminia ndoo sita za maji yale, yangali moto. Siku ya tatu jiko likazima. Mama mkwe akaniuliza, "Mwanangu, umeulisha nini huu mtambo?" Nikafunua tundu la kutokea tope: harufu ya siki.

Maji ya mawese yana tindikali tangu mwanzo, na mafuta kibao. Ndani ya mtambo kuna vijidudu vinavyogeuza chakula kuwa asidi upesi, na vingine, vya polepole, vinavyoigeuza asidi hiyo kuwa methani. Ukiwapa wa kwanza karamu, wa pili wanakufa kwa ukali.

Wiki tatu nililisha kinyesi kitupu. Sasa maji nayalaza usiku kucha yapoe, naengua mafuta yaliyosalia, natia majivu ya mikungu mitupu ya ngazi, matunda ya mchikichi, mpaka karatasi ya litmasi, ambayo huwa nyekundu penye tindikali, iache kuwa nyekundu, kisha ndoo moja kwa nne za kinyesi. Moto ni wa bluu, umetulia.

Malaysia na Indonesia viwanda hufunika mabwawa kwa turubai nene, husafisha gesi isile injini, na huzalisha umeme. Tani moja ya mafuta hubakiza tani 2.5 hadi 3.5 za maji haya, na mita moja ya ujazo ya maji hayo huweza kutoa gesi mita za ujazo 28 hivi. Hayo ndiyo tunayomwaga shimoni.

Nataka mabanda yetu matano yanayopakana tuchange tangi moja. Mzee wa banda la jirani amekubali kutoa uwanja. Bado hatujakubaliana nani atapima tindikali kila asubuhi.