San Andreas na vyumba vya michezo vya Goma

Umeme ukikatika pale Birere, mtaa wa Goma, mchezaji wa San Andreas, mchezo wa video wa Grand Theft Auto, kwenye mashine ya PS2 anapoteza kila alichofanya tangu alipohifadhi mara ya mwisho: mchezo huu haujihifadhi wenyewe. Rudi kwanza nyumbani kwa CJ, mhusika unayemwongoza, hifadhi kwenye kadi ya kumbukumbu ya MB 8, ndipo uanze misheni nyingine. Utamu wake ni uhuru. Gari lolote laibika. Nyota za polisi, zinazoonyesha unavyosakwa, hupanda hadi 6, vifaru vya jeshi vikaja, na kupaka gari rangi upya karakanani huzifuta usipotenda kosa jingine papo hapo.

Mwaka 2005 bodi ya ESRB ya Marekani, inayopanga michezo ya video kwa umri, iliupandisha mchezo huu kutoka miaka 17 hadi 18, kwa ngono iliyofichwa ndani ya diski. Mimi naogopa zaidi bunduki. Hapa watoto wanajua mlio wake wa kweli. Wenye vyumba, mtoto wa miaka 10 mpeni mchezo wa mpira wa FIFA.