Letusi ya kwenye maji: kingo zimeacha kuungua, na dawa ni feni

Hatimaye! Letusi niliyokata leo nimeipasua katikati na kufungua jani moja moja mpaka kwenye kitovu, sikuona ukingo wa kahawia hata mmoja. Wanaolima kwenye maji chini ya taa wanajua kwa nini napiga kelele.

Tatizo lenyewe ni lilelile. Mizizi myeupe, majani ya nje yamenawiri, halafu karibu na kuvuna majani machanga ya ndani yanaungua kingoni. Yanalika, sawa, lakini yakikaa kwenye friji kidogo tu yanaanza kuteleza na kunuka, na kuoza kunaanzia hapohapo.

Kila mtu atakwambia ni upungufu wa kalsiamu. Kweli, ila si upungufu ndani ya tangi. Natumia mchanganyiko wa virutubisho wa Hoagland, ule wa Chuo Kikuu cha California wa mwaka 1938, nikiuzimua nusu kwa nusu. Hata hapo kalsiamu inabaki kama miligramu 100 kwa lita, inatosha na kuzidi. Niliongeza nitrati ya kalsiamu. EC (kipimo cha wingi wa chumvi zilizoyeyuka majini) ikapanda, kingo zikaungua vilevile, tena zaidi. Nikajaribu kunyunyizia kloridi ya kalsiamu. Ikayalowesha majani ya nje, ambayo hayana shida yoyote, na yale ya ndani yaliyojikunja hayakuonja hata tone.

Kinachotesa ni usafiri. Kalsiamu hupanda na maji kutoka mizizini, na maji huvutwa na jani linalotoa mvuke. Majani makubwa ya nje yanatoa mvuke mchana kutwa, kwa hiyo yanajichukulia karibu yote. Jani changa limejifungia katikati, kwenye hewa nzito isiyosogea, halitoi mvuke, halipati kitu. Na kalsiamu ikishatua kwenye jani kuukuu haihami tena. Ukiongeza mwanga ndiyo unazidisha balaa: jani changa linakua mbio kuliko kalsiamu inavyolifikia. Ndiyo sababu kila nilipoongeza taa nilivuna letusi kubwa zaidi na mbovu zaidi. Inaudhi!

Ufumbuzi uko kwenye mwongozo wa letusi wa Chuo Kikuu cha Cornell. Wao wanalenga kichwa cha gramu 150 kwa siku 35, kwa mwanga wa moli 17 (moli ni kipimo cha wingi wa mwanga) kwa mita ya mraba kwa siku, na wanasema wazi kwamba mwanga mwingi hivyo unataka feni inayopuliza kutoka juu kwenda chini. Hapo kwenye mwelekeo ndipo penye siri. Upepo wa ubavuni unapita juu ya majani na kuacha kitovu kimetulia tuli. Upepo wa juu unaingia mpaka ndani, unaondoa ule unyevu, na jani changa linaanza kuvuta maji yake lenyewe.

Nimening'iniza feni za kompyuta, zile za sentimita 12 na volti 12, juu ya kila trei. Majani ya katikati yatikisike kidogo tu. Yakilala, punguza kasi.

Kuhusu vipimo: kalamu ya EC, kile kipimo cha kuchovya majini, naiamini. Kalamu ya pH, ya kupima uchachu wa maji, siipendi. Ukiacha ncha ikauke imekwisha, na inadanganya bila aibu huku ikionyesha desimali mbili. Matone ya rangi ya kupimia pH hayana mbwembwe, na mimi nataka tu kujua niko karibu na pH 5.8.

Ratiba ilisema sasa nianze tangi la spinachi. Spinachi itasubiri, maana nimeanza kuwaza usiku. Taa zikizimwa na hewa ikijaa unyevu, majani ya nje hayavuti maji, lakini mizizi inaendelea kuyasukuma juu, ndiyo maana alfajiri unakuta matone yamejipanga kwenye kingo za majani. Msukumo huo haubagui jani kuukuu na jani changa. Basi trei moja naizimia feni usiku na kuifunika kwa nailoni, nyingine inapulizwa saa 24. Mbegu ni zilezile, tangi ni lilelile. Nimeshaziotesha, na safari hii taa naziongeza makusudi hadi zivuke moli 17, nione ipi itaungua kwanza.